Nguo ya Mwali na Dawa ya Ramani

Mdogo wangu alikuwa atoke unyagoni Ijumaa, na mama hakuwa na kanga mpya ya kumvika. Baba alishafariki. Miaka ile baada ya vita kanga zilikuwa adimu hata Ruangwa, na chache zilizofika zilinyakuliwa na wenye mishahara ya mashamba ya karanga ya Waingereza kule Nachingwea. Mwali akitoka na nguo kuukuu, ataitwa mwali wa matambara mpaka azeeke. Nikasema wa kwetu hataitwa hivyo, na mimi nikisema nimesema.

Mume wangu alikuwa kibarua wa wachora ramani, huko huko kwenye mashamba ya karanga. Kazi yake kupaka karatasi dawa, kulaza mchoro juu yake, kuianika juani, kisha kuisuuza. Palipopigwa na jua paligeuka buluu, palipofunikwa na wino pakabaki peupe. Nikamwambia, "We bwana, kama karatasi inakubali, merikani itakataa kwa nini?" Alinicheka, lakini alimwomba mkubwa wake masazo ya dawa, akapewa.

Nikaenda nayo kwa mama, kijijini Narung'ombe. Niliipaka dawa merikani, kile kitambaa cheupe cha pamba, ndani gizani, mlango umefungwa, ikakauka. Jua lilipokuwa kali niliitandaza uani. Katikati nikapanga maua ya mkorosho na majani ya muhogo. Pembeni nikaweka vipande vya boksi nilivyokata kwa mfano wa chale za mashavuni mwa mama, viwe pindo kama la kanga. Nilipoisuuza, maua meupe yalijitokeza kwenye buluu, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Alhamisi nilikwenda kisimani. Niliporudi, mama alikuwa ameifua kwa maji ya majivu, maana kwetu nguo mpya haivaliwi kabla ya kufuliwa. Buluu yote ilikuwa imekufa, imebaki rangi ya kutu.

"Imechuja, mwanangu," alisema.

Mimi si mtu wa kumeza maneno. "Mama, umenimaliza," nikamwambia. Akakaa chini akalia, nami nikalia kwa hasira.

Jikoni palikuwa na chungu cha magome ya mkorosho, tuliyokuwa tukichemsha ili kutia rangi ukili wa mikeka. Nikaona afadhali nguo ya rangi moja kuliko ile kutu. Liwalo na liwe, nikaitumbukiza yote. Nilipoiinua kwa mti, kutu ilikuwa imegeuka nyeusi tii, na maua na chale vimesimama juu yake kwa rangi ya mchanga. Mama alijigusa shavu.

"Sasa tuone," nikamwambia, "nani atasema matambara."

Ijumaa, wanawake walipomwona mwali wetu, kwanza walisogea wakaishika ile nguo pindo. Kisha vigelegele vikapasuka. Mama mmoja, aliyemvika bintiye kanga ya dukani, aliniuliza ile yetu imetoka duka gani. Nikamwambia imetoka kwa mama. Nilikuwa nimevimba kwa fahari, sioni haya kusema. Mwali hutakiwa kutazama chini mpaka afike kwao. Wa kwetu aliinua uso mbele ya wote, akanitafuta kwa macho, akacheka.