Niliapa kwamba Bura Hajagusa Panga

Kosa ni langu, msinitafutie sababu. Niko kidato cha tatu, huku Hanang. Shuleni wananijua kwa utani, hata mwalimu wa zamu hucheka kabla hajanichapa.

Siku moja madam wa Kiingereza alitufundisha neno "compurgator". Alisema zamani katika mahakama za Uingereza mshtakiwa alileta watu waape kwamba wanamwamini, hata kama hawakuona kitu. Jamani, nililipenda hilo neno! Nikajipa cheo. Mtu akichelewa namba asubuhi, mimi hapo, mkono juu: "Naapa, huyu ni msafi kama maziwa!" Watu hoi.

Jumamosi hiyo ng'ombe wa jirani aliingia kwenye maharage ya kina Bura, rafiki yangu. Akakutwa amekatwa panga mguu wa nyuma, mfupa nje. Watu wakajaa kwa balozi wa nyumba kumi. Walioshukiwa ni wawili: Bura, na Paulo, mchunga ng'ombe wa jirani huyo, kwa kuwa alikuwa amegombana na bosi wake.

Bura akanikonyeza. Nikadaka Biblia mezani. "Mimi ndiye compurgator wake! Naapa kwa Mungu, Bura hajagusa panga!"

Nilijua watacheka. Hakucheka mtu! Baba yangu ni mzee wa kanisa, wakaniamini.

Wakamgeukia Paulo. Fimbo, mateke, mawe. Meno yake niliyaona kwenye vumbi. Mkono wake ulipovunjika niliusikia, kah! Nikapiga kelele, "Sikuona kitu! Nilikuwa natania!" Mwenye ng'ombe akanigeuzia rungu, likanipata sikioni. Mpaka leo sikio hilo halisikii. Bura alishatimka, na jioni alikiri kwa mama yake kwamba ni yeye aliyekata.

Nilienda kumwona Paulo hospitali.

"Shikamoo, kaka."

"Dogo, uliniona nikimkata yule ng'ombe?"

"Hapana."

"Na Bura, ulimwona hajamkata?"

"Hapana."

"Sasa uliapia nini?"

Mkono wake haukunjuki tena. Hawezi hata kushika fimbo ya kuchungia.

Wenzangu mnaopenda kuchekesha watu, nawaomba: kama hukuona, sema hukuona, ukae chini. Watu wakishashika fimbo, hakuna atakayekusikia ukisema ulikuwa unatania!