Pikipiki Iliyovuta Manyoya

Baba mdogo haifungui pikipiki yake kwa sababu imeharibika. Anaifungua kwa sababu ipo. Mtu mwingine akirudi kutoka kazini hukaa, hunyoosha miguu, huomba maji. Yeye huchuchumaa kando ya pikipiki, bisibisi mkononi, akaitazama kama daktari anayemtilia shaka mtu aliyekuja hospitali kusindikiza mgonjwa tu. Kijiweni, pale anaposubiri abiria na waendesha pikipiki wenzake, wanamwita Injinia. Anadhani ni heshima. Mkewe, mama mdogo wangu, anasema tumwache adhani hivyo hivyo, maana ndicho cheo pekee alichopandishwa tangu waoane.

Mimi nakaa kwao ili niwe karibu na shule, kwa hiyo haya nimeyaona kwa macho yangu.

Baba mdogo alikuwa amechoka na kijiwe. Kutwa nzima unakaa juu ya siti, jua linakupiga, akitokea abiria mmoja anakimbiliwa na kundi zima kama mpira wa kona, na wewe mwenye goti bovu unafika wakati keshapanda ya mwingine. Basi aliposikia kwamba Mama Kuku anatafuta mtu wa kudumu wa kupeleka kuku kwa wateja wake, alimwendea siku hiyo hiyo, shati kalichomekea. Mama Kuku ni mwenye mabanda yale makubwa nyuma ya kiwanda cha matofali. Mtaa mzima tunamwita hivyo na yeye anaitika bila kinyongo.

Akamwambia aje Jumamosi kwa majaribio, apeleke matenga mawili ya mitetea wanaokaribia kutaga kwa mteja wa kule juu mlimani. Yeye Mama Kuku angetangulia na gari la chakula cha kuku.

"Nitaona wanavyofika," alimwambia, "halafu ndio tuongee."

Baba mdogo alijua pia kwamba kulikuwa na mtu kabla yake, na mtu huyo ameachishwa. Kwa nini, hakuuliza. Kuuliza si kawaida yake. Kawaida yake ni kujua.

"Alikuwa mzito yule," alituambia tukiwa tunakula. "Kuku hataki kucheleweshwa juani. Na ule mlima, pikipiki yangu inaupanda kwa kukohoa. Hapo ndipo pa kurekebisha."

"Umemuuliza Mama Kuku?" Mama mdogo akasema.

"Mengine huulizi, mke wangu. Unapiga hesabu."

"Haya. Mimi na hesabu zako tunajuana."

Ijumaa nilipotoka shule nikamkuta uani, pikipiki imevuliwa siti na kifuniko cha ubavuni, yeye ameshika kitu kilichofungwa kwenye gazeti kama mtu aliyebeba yai. Akakifunua. Lilikuwa chujio la hewa, jekundu, la sifongo, umbo lake kama koni, lina pete ya chuma mdomoni na limepakwa mafuta ili likamate vumbi. Nikaligusa, likaninata kidoleni. Lilikuwa zuri, nisiseme uongo. Ungeweza kuliweka kabatini kama pambo.

Akanieleza. Injini inapumua kama mtu, haiendi kwa petroli peke yake. Chujio lililokuja na pikipiki limefungiwa ndani ya boksi la plastiki chini ya siti, na boksi lenyewe linavuta hewa kwa kitundu.

"Ni sawa na kumwambia mtu akimbie huku umemziba pua moja," akasema. "Hili jipya linakaa nje, linavuta linavyotaka."

"Sasa kwa nini waliotengeneza pikipiki waliiziba pua?"

Akafikiri. "Waoga," akajibu.

Kulitoa boksi la zamani kulichukua muda. Lilikuwa limejibana kwenye fremu, ukilivuta huku linagoma kule. Baba mdogo akaliinamisha, akalizungusha, akalitukana kwa sauti ya chini akidhani sisikii.

"Hilo limeshakuambia halitaki," Mama mdogo akasema akiwa anaanika nguo.

Lilipotoka, tukagundua kwamba pete ya chujio jipya ni pana kuliko mdomo wa kabureta. Muuza spea alikuwa ameapa kwamba linaingia kwenye pikipiki yoyote. Kuingia liliingia, lilizidi kuingia. Baba mdogo akakata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, akauvika mdomo wa kabureta kama soksi, kisha akalipachika chujio juu yake na kukaza skrubu ya ile pete. Likashika. Ukabaki mpira mmoja mwembamba unaotoka kwenye injini, ambao mwanzo ulikuwa unaishia ndani ya boksi. Sasa boksi halipo.

"Na huu?" nikauliza.

"Huo utajitegemea," akasema, akauacha unaning'inia.

Kifuniko cha ubavuni kikakataa kurudi kwa sababu koni ilikuwa inachungulia nje. Akasema ni afadhali, watu waione.

Akapiga kiki. Pikipiki ikakohoa, ikapiga chafya, ikazima. Akazungusha skrubu ya kabureta kidogo, akategea sikio, akazungusha tena. Halafu ikaitika. Sijui niuelezeje ule mlio. Jirani yetu fundi cherehani alitoa kichwa dirishani akatuuliza kama tumeanza kusaga nafaka. Mama mdogo alisema kitu kirefu lakini tuliona mdomo tu ukicheza.

"Umesikia hiyo?" Baba mdogo akaniuliza alipoizima, uso unang'aa. "Hiyo ndiyo nguvu."

"Mlio ndio nguvu, au nguvu iko kwingine na mlio ni mlio tu?"

"Hayo ya shuleni yaache shuleni."

Akaipeleka mpaka mwisho wa barabara na kurudi. Na kweli iliondoka, hata mimi nilipiga makofi. Tatizo, kama ningekuwa mkubwa ningeliona, ni kwamba aliijaribu bila kuku.

Jumamosi asubuhi tukaenda mabandani tukiikokota pikipiki, maana Baba mdogo alitaka petroli yote ibaki ya mlima. Niliomba kwenda kwa sababu nilitaka kuona jinsi itakavyoukata mlima. Mama Kuku alikuwa ameshaondoka na gari. Dada anayelisha kuku alitukabidhi matenga, mitetea weupe wamekaa ndani kimya, vichwa vimetokeza kidogo kwenye matundu kama abiria wanaosubiri kuondoka. Baba mdogo akayafunga moja kila ubavu, chini chini, yabane siti yasiyumbe. Alifunga vizuri, hapo simtanii. Lile la kulia lilikaa kiasi cha kiganja tu kutoka kwenye koni nyekundu.

"Wapole hawa," yule dada akasema. "Wasishtuliwe tu."

Baba mdogo akapiga kiki.

Sijawahi kuona viumbe wapole wakibadili tabia haraka namna ile. Ndani ya matenga kulizuka vita. Mabawa yalipiga, miguu ilipiga, kuku wa chini akataka kuwa wa juu na wa juu akataka kutoka kabisa. Mimi nimekaa nyuma, magoti juu ya matenga, nadonolewa kulia na kushoto. Nikamwambia Baba mdogo kwamba kuku wanahangaika. Akaniinulia dole gumba. Alikuwa hasikii chochote, na alikuwa na furaha.

Kwenye tambarare tulikwenda kama tumeibiwa breki. Mlima ulipoanza, mlio ukawa wa kukwaruza, kama mtu aliyeshangilia mechi mpaka sauti ikakauka. Ukafuata moshi mweusi. Halafu pikipiki ikakohoa kile kikohozi chake cha zamani ambacho ndicho kilichotufanya tulinunue chujio, ikazima.

Nikashuka, nikaangalia ubavuni. Koni nyekundu haikuwepo. Mahali pake palikuwa na kitu cheupe, kinene, chenye manyoya, kana kwamba kuku mmoja ametoroka na anajaribu kuingia kwenye injini kinyumenyume.

Baba mdogo akachuchumaa. Akakitazama sana.

"Manyoya haya yametoka wapi?"

"Baba mdogo," nikasema. "Tumebeba kuku."

Akaanza kulinyonyoa. Yale mafuta yaliyopakwa kukamata vumbi yalikuwa yameyakamata manyoya kwa moyo mmoja, na yeye anayatoa moja moja kama mpishi wa harusi. Alipomaliza akapiga kiki, mlio ukapasuka, kuku wakaruka, manyoya yakamiminika kutoka kwenye tenga kwenda moja kwa moja kwenye chujio, tukasogea hatua chache, ikazima. Akanyonyoa tena. Ikawa vile vile.

Nikafikiri kwa sauti, ndivyo ninavyofikiri. "Mlio unawatisha kuku. Kuku wakitishika wanapukutisha manyoya. Manyoya yanaiziba pikipiki. Kwa hiyo pikipiki ikinyamaza, kuku wananyamaza."

"Pikipiki ikinyamaza haiendi."

"Ndiyo. Hapo ndipo nilipoishia."

Nilitegemea anigombeze. Hakunigombeza. Alitazama juu, kule mlima unakopinda, ambako Mama Kuku alikuwa anasubiri na pengine ameshaanza kuangalia saa. Akapangusa mikono kwenye suruali.

"Nimechoka na kijiwe, mwanangu," akasema. Hakusema kama Injinia.

Kisha akavua koti, akalitandika juu ya tenga lililopigwa na jua. Mimi nikatandika kanga yangu juu ya lile jingine. Akaweka gia huru, akashika usukani, nikashika nyuma, tukaanza kusukuma.

Mwenzake wa kijiweni akatupita na abiria. Akapunguza mwendo ili afaidi.

"Injinia, umeibadilisha imekuwa mkokoteni?"

"Pita, kaka," Baba mdogo akasema.

"Niwaletee kamba niwavute?"

"Nimesema pita."

Tulipumzika kila penye kivuli. Kuku walitulia polepole, kwanza mabawa, halafu shingo. Kufikia mpindo wa juu kulikuwa na mmoja amefumba macho kabisa. Baba mdogo goti lilikuwa linamsumbua, nilimwona anavyochechemea, lakini kila nikisema tusimame zaidi anasema twende, wasije wakapata kiu.

Tulifika tumechelewa vibaya. Mama Kuku alikuwa amekaa juu ya gunia la chakula, mikono kifuani. Baba mdogo akafungua mdomo atoe maelezo, pumzi ikakataa. Mama Kuku hata hakumngoja. Alifungua tenga la kwanza, akamtoa kuku mmoja mmoja, akamnyoosha mabawa, akampapasa miguu, akamkabidhi mteja. Na la pili hivyo hivyo. Matenga yakawa matupu. Mimi nilikuwa nahesabu vidole vyangu.

"Umechelewa," Mama Kuku akasema.

"Nisamehe, mama."

"Yule wa kwanza alikuwa anafika hata sijakata simu. Kila safari mabawa yamevunjika, na waliopona wanakaa siku kadha wa kadha hawatagi kwa hofu. Ndiyo maana nikamwachisha." Akamtazama Baba mdogo kuanzia viatu vilivyojaa vumbi mpaka jasho la kichwani. "Hawa umewaletaje?"

Baba mdogo akanitazama. Mimi nikatazama chini.

"Taratibu," akasema.

"Basi Jumatatu uje uanze. Ila mtaani kwenu kuna mtu jana jioni alikuwa ananguruma na pikipiki, mpaka kuku wangu wakapandana ukutani. Unamjua?"

"Namjua."

"Mwambie asisogee bandani kwangu."

"Nitamwambia, mama. Ananisikiliza."

Tulishuka mlima injini imezimwa, tunateleza tu, matenga matupu yanagongagonga. Nyumbani alimsimulia Mama mdogo kwamba ipo mbinu ya kusafirisha mitetea ambayo watu wengi hawaijui, ya mwendo mdogo na kivuli, na kwamba yeye ameona aitumie leo. Mama mdogo alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Akamtoa unyoya sikioni, akamuuliza Jumatatu anatakiwa bandani saa ngapi ili amwamshe.