Siku Bibi Zena Aliposifia Kitabu

Sie tuliosoma shule za msingi za Temeke enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, tunajuana hata tukikutana ukubwani kwenye foleni ya benki. Mmoja akitaja barafu ya ukwaju, ile ya kwenye kifuko cha nailoni unayoing'ata kwenye kona na kuifyonza mpaka ulimi unakufa ganzi, mwenzake anacheka kabla hajamaliza. Tulikwenda shule na kidumu cha maji mkono huu na fagio la chelewa mkono ule, madaftari tumeyabana kwapani. Darasani tulibanana wanne dawati moja, na aliyechelewa alikaa sakafuni. Jioni tulicheza rede, kukwepa mpira unaorushwa, mpaka mama zetu waanze kutuita kwa majina kamili, na mtoto wa Tandika akisikia jina lake kamili alijua leo kuna kazi. Watoto wa siku hizi ukiwaambia mpira wenyewe tuliufuma kwa soksi mbovu na mifuko ya plastiki, wanakuangalia kwa huruma mpaka unajuta kuwaambia.

Kwenye vitabu ndiko tulikopata taabu na raha kwa pamoja. Kitabu cha kiada tulisoma wengi kwa kimoja. Wa katikati mfalme, wa pembeni wanapinda shingo. Vya hadithi hatukuwa navyo kabisa, mpaka nilipokuwa darasa la tano, ilipoletwa katoni ya vitabu vipya vya watoto. Harufu yake ilipofunguliwa siisahau, harufu ya wino na gundi, na picha humo ndani zilikuwa za rangi! Tulipigana vikumbo hadi katoni ikapasuka upande mmoja.

Mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwalimu Felista, aliyekuwa amehamia kwetu kutoka Bukoba, alitukataza kuvigusa kabla ya kuvifunika. Wakati ule kila mwenye uwezo mtaani alikuwa anafyatua matofali, kwa hiyo mifuko mitupu ya simenti haikuwa shida. Tuliikung'uta, tukaikata, tukafunika vitabu vyote. Vikawa salama, ila vikawa vinafanana kama mapacha, na huwezi kujua kipi kina nini. Ndipo Mwalimu Felista akaanzisha utaratibu wa kunadi. Kila Ijumaa kipindi cha mwisho, aliyemaliza kitabu alisimama mbele akakisifia, aseme kina utamu gani na kinamfaa nani, ila mwisho wa hadithi asiutaje.

Tuliupenda mno mchezo huo. Tumekulia karibu na mitumba, kunadi tulikuwa nako kwenye damu. Shomari, tuliyekaa naye dawati moja, alipanda juu ya kiti kabisa. "Jamani chagua, chagua! Mzigo mpya huo! Ndege imeanguka porini, rubani kavunjika mguu, fisi hao wanakuja! Wahi, braza, wahi, sista, kimebaki kimoja!" Darasa zima lilikuwa linagombea kile kitabu. Baadaye tukaja kugundua kwamba Shomari mwenyewe alikuwa amesoma kurasa za mwanzo tu.

Changu mie kilikuwa cha mbuzi. Familia ya msichana mmoja inahama Kurasini kwenda kuanza maisha Chanika, na mbuzi wao anagoma. Kila wakimpeleka anarudi mwenyewe kwa miguu, asubuhi anakutwa amelala kwenye mlango ule ule wa zamani, na mpangaji mpya anapandwa na hasira. Nilikuwa nakisoma alasiri kwa Bibi Zena, bibi yangu mzaa mama, aliyenilea. Bibi alisoma Kurani vizuri sana, lakini herufi za shule hakuzijua. Basi alikaa mkekani anasuka ukili, mie namsomea. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya khanga. "Huyu mbuzi kamshinda akili mjomba wako," alisema, maana mjomba alikuwa ameuza nyumba ya Mtoni akahamia huko huko Chanika, na kila wiki alikuwa kwetu analalamika. Tulipokimaliza Bibi aliniambia nirudie toka mwanzo.

Mwisho wa muhula Mwalimu Felista akatutangazia kwamba katoni inahamia shule ya jirani, nao wapate zamu yao. Tungebakiwa na vichache tu, vile vitakavyonadiwa vizuri Ijumaa ya mwisho. Roho yangu ilipaa. Kitabu cha mbuzi kikiondoka, Bibi nitamsomea nini? Madukani wakati ule ungepata redio za kila aina na viatu vya kumetameta, lakini kitabu cha mtoto usingekipata.

Hapa inabidi nieleze jinsi sifa zilivyokuwa nyumbani kwetu. Kwa Bibi, kusifia kitu ni kukiitia jicho baya. Mtoto mchanga aliyenona alipakwa wanja kwenye paji la uso aonekane wa ovyo, na mgeni akisema mzuri, Bibi alijibu haraka, "Aa, mbaya tu huyu." Gauni jipya la Idi nilifundishwa niseme la zamani. Kitu kadiri kilivyopendwa ndivyo kilivyopondwa. Mie mwenyewe nikishika nafasi ya kwanza darasani, alichosema ni "Afadhali," akaendelea na ukili wake.

Ijumaa ilipofika nikasimama mbele na kitabu changu mkononi. Macho ya darasa zima yakakitazama, ya Shomari yakiwa yamemtoka pima. Nikaingiwa na woga kwamba watakihusudu, na mdomo wangu ukafanya kile ulichofundishwa. "Kitabu chenyewe cha kawaida tu," nikasema. "Mbuzi mwenyewe mbaya. Hakina lolote."

Watoto wa Pwani, nusu ya darasa, wakanyoosha mikono pale pale wanapiga kelele, "Mie, Mwalimu! Nipe mie!" Wao walijua mtu haongei hivyo ila ameshika almasi. Mwalimu Felista alishangaa. "Nyamazeni, mwenzenu si amesema hakifai?" Akakichukua mkononi mwangu, akakitia kwenye katoni ya kuondoka. Cha Shomari cha ndege kilibaki.

Nilifika nyumbani nalia kwa kwikwi. Bibi akaweka ukili chini.

"Umepigwa na nani?"

"Sijapigwa, Bibi. Kitabu cha mbuzi kinaondoka. Nimesema kibaya."

"Sasa si ndivyo inavyosemwa?"

"Mwalimu ameamini."

Bibi akaguna. "Ameamini? Huyo mwalimu hana bibi kwao?"

Jumatatu asubuhi alivaa baibui, akachukua sahani ya vitumbua iliyofunikwa kawa, tukaongozana mpaka shuleni. Katoni ilikuwa mlangoni pa ofisi, imeshafungwa kamba ya katani, na gari la kuichukua lilikuwa linasubiriwa. Mwalimu Felista akatoka. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa habari ya yule mbuzi."

"Mbuzi gani tena, Bibi?"

"Wa kitabuni. Si haba, yule mbuzi."

Kwa Bibi hizo zilikuwa sifa kubwa kupita kiasi, na mie nilimwangalia kwa mshangao. Mwalimu Felista alitabasamu kwa adabu, asijue anaambiwa nini. Kwa mbali gari likasikika linakata kona. Nikamwona Bibi anazungusha macho, anatazama kushoto na kulia nani anasikiliza, kama mtu anayetaka kuvuka Barabara ya Mandela. Kisha akavuta pumzi.

"Mwalimu, kitabu hiki kizuri. Mashallah, kizuri sana. Nimecheka mie, na tangu afe mume wangu sijacheka hivyo. Yule mtoto anavyomfuata mbuzi wake kwenye vumbi, nimejiona mwenyewe nilivyokuwa nawafuata wanangu. Mtoto kaogopa jicho ndiyo maana kasema vile. Msikipeleke, mwanangu."

Mwalimu Felista aliinama akaanza kufungua kamba. "Bibi, kumbe unasoma?"

"Nasomewa na huyu hapa," Bibi akasema, akaniwekea mkono kichwani. "Na anasoma, Mwalimu! Anasoma mpaka unawaona watu wanatembea. Mie sijapata kusikia mtoto anasoma hivi."

Nilikuwa sijawahi kusikia maneno hayo kwake, na sikuyasikia tena. Nilitazama viatu vyangu kwa furaha na aibu, machozi yananilenga. Njiani kurudi alinisomea dua na kunipulizia kichwani bila kupumzika, halafu akanionya, "Nimesema yale kwa ajili ya mbuzi. Usije ukavimba kichwa."

Leo kazi yangu ndiyo ile ya Ijumaa za Mwalimu Felista, kunadi vitabu. Wachapishaji wananiletea vitabu vipya vya watoto na vijana, wanataka maneno ya kusifia nyuma ya jalada. Vijana wenyewe sifa kwao ni rahisi kama maji ya bomba. Kitabu hakijafunguliwa, dole gumba limeshabonyezwa kwenye simu, na vimoto vitatu juu yake. Shomari angefanikiwa sana zama hizi. Sie tulikuwa na katoni moja na jirani wa kugombana naye, wao wana rafu nzima na kila mmoja ameinamia simu yake.

Wiki hii nimeletewa viwili. Kimoja cha wasichana wa Gongo la Mboto wanaoanzisha timu ya mpira, vijana humo wanaongea kama vijana kweli, wanagombana na mama zao, wanapenda, wanakosea. Kingine cha wadogo, kina bata na picha ambazo ningezipigania enzi zile. Ni vizuri, nasema wazi bila kumung'unya, na nimeandika hivyo. Kile cha bata nilikimaliza alasiri sebuleni peke yangu, nikajikuta nasoma kwa sauti. Bibi alifariki nikiwa sekondari. Vitabu siku hizi ninavyo vingi, sina wa kumsomea.