Chupa ya Mgeni

Mimi ni fundi cherehani, na mwili wa mke wangu naujua bila tepu. Miaka yote tuliyoishi Msambweni nilikuwa nakata kitambaa kwa kumbukumbu tu, na nguo inamkaa. Kwa hiyo aliponiletea gauni lake la Idi akaniambia nilipunguze ubavuni, niliweka mkasi chini nikamtazama. Baada ya wiki chache akaleta jingine. Mara ya mwisho kumpunguzia mtu wa nyumbani nguo namna ile ilikuwa mama yangu, lakini mama alikuwa mgonjwa, na sukari ilimchukua kidogo kidogo, kwanza macho, kisha mguu, kisha mwenyewe. Mke wangu hakuwa hivyo. Alikuwa ameanza kutembea kwa wepesi, kama msichana. Mwanamke mwenye wajukuu anapungua kwa ajili ya nani? Wanawake wanaopungua huja dukani kwangu kila mwezi, na huwa wana harusi au wana jambo. Sisi hatukuwa na harusi.

Jambo lenyewe lilikuwa siku ya Jumamosi. Kila Jumamosi alivaa raba nyeupe, akajitanda mtandio, akatoka kwenda kukutana na kikundi kilichojiita wapanda milima. Milima iko wapi hapa kwetu? Vilima vya Shimba viko huko juu, na hawa walikuwa wakipanda mchanga wa Galu na barabara za vumbi za Ramisi, kisha wanatandika mikeka na kula. Huyu ni mwanamke ambaye nikimwambia twende kwa miguu msibani, nyumba ya nne kutoka kwetu, alikuwa akiuliza bodaboda ziko wapi.

Nilianza kumchunguza. Si tabia nzuri, najua, lakini ndiyo niliyozaliwa nayo. Hata nyama nikiletewa naipima tena nyumbani. Niligundua kwamba akirudi hana hadithi. Mtu aliyetoka matembezini huwa na hadithi: fulani kateleza, fulani kafukuzwa na mbwa. Yeye alisema tu, "Alhamdulillahi, tumetembea," akaenda kuoga.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo nililiweka kwenye fungu lake la peke yake. Nyuma ya jiko letu upo mlimau, na miezi ile sisimizi walikuwa wameuzingira shinani wasibanduke. Nilimwaga jivu, wakarudi. Nilimwaga mafuta ya taa, wakarudi. Nikaanza kumshuku jirani kwamba anatumwagia vitu, maana tulikuwa na maneno naye juu ya mpaka. Nilipomweleza mke wangu, alisema, "Sisimizi ni viumbe wa Mungu, bwana. Waache." Tangu lini mke wangu akawatetea wadudu?

Basi nikasema nami nitatembea.

Alikuwa anakunja nguo. Mikono yake ikasimama. "Na duka utamwachia nani?" aliuliza.

"Duka lina kufuli."

Akaikunja upya nguo ileile aliyokwisha kuikunja, na hilo sikulipenda.

Jumamosi ya kwanza nilifika naye kwenye mivinje ya Galu, na nilichokiona kilinitosha. Watu walikuwa wanazungumza na kucheka, kama kumi na ushei hivi, na sisi tulipokaribia mazungumzo yakakatika. Wakaanza kunisalimu mmoja mmoja kwa adabu iliyozidi kipimo. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja muuza samaki, mnene wa sauti, ambaye kila mtu alimtii. Na kulikuwa na bwana mmoja wa bara, mstaafu, anayefuga kuku wa mayai karibu na Ukunda. Huyo ndiye niliyemtia alama. Alivaa kaptula, kwanza. Halafu kila baada ya hatua kadhaa alikuwa anageuka kumtazama mke wangu usoni. Si kiunoni wala wapi, usoni, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Wa kiunoni ni mhuni tu, lakini anayetazama uso ana mazoea.

"Uko sawa?" alimuuliza mara moja, kwa sauti ya chini.

Mke wangu akaitikia kwa kichwa. Yule bwana akagusa mfuko wa kaptula yake, kama mtu anayehakikisha funguo zake zipo, akaendelea mbele. Nilitembea nyuma yao nikiutazama ule mfuko.

Kikundi kile kilikuwa na sheria moja, na mama muuza samaki aliisimamia kama kadhi: hakuna kufungua chakula mpaka wa mwisho afike. Hata awe kiwete, hata awe amesimama kuzungumza na shemeji yake njiani, angojwe. Wa mwisho akishakaa mkekani, ndipo bakuli zinafunuliwa. Chakula chenyewe kilikuwa cha ajabu kwa watu wa pwani: mbaazi bila mahamri, samaki wa kuchoma, matango. Na chai. Walileta chupa mbili za chai, nyekundu na ya buluu. Ile nyekundu ilizunguka kwa wote. Ilipofika zamu yangu, mama muuza samaki aliiweka chini akafungua ya buluu.

"Wewe ni mgeni, Fundi," alisema. "Una chako."

Nilionja. Ilikuwa chai nzuri, tamu, yenye tangawizi. Sikuona kosa, na hilo nalo likanisumbua.

Jumamosi ya pili ikawa vilevile. Ya tatu pia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe sikupewa, niliendelea kupewa chupa ya buluu. Nilijiuliza nyekundu ina nini ambacho mimi sistahili kukionja. Siku moja nilinyoosha kikombe changu makusudi kwenye chupa nyekundu, na mkono wa mke wangu ukanizuia. "Ya kwako ni ile," alisema, huku akimtazama yule bwana wa kuku, na yule bwana akatazama baharini upande wa Chale kana kwamba kuna meli.

Huko Ramisi walinimaliza kabisa. Tulikuwa tunapita kando ya mashamba, jua limeanza kukaza, nami nikanunua muwa mmoja mnono kwa kijana wa njiani, nikaumenya vizuri, nikaukata vipande vya kumtosha kila mtu. Niliuzungusha kwa mkono wangu. Hakuna aliyechukua. Mmoja alisema meno, mwingine akasema amefunga, na hali asubuhi nilimwona akila yai. Mke wangu alipokea kipande, akakishika, akakishika tena, na baadaye nilikiona kimelala majanini. Watu wa Kwale kukataa muwa uliomenywa! Nilitafuna peke yangu mpaka mashavu yakaniuma, na hasira ikanipanda kila nilipomeza.

Usiku ule nilimaliza shauri. Jumamosi itakayofuata watanidhania sipo, nami nione wanavyokuwa nisipokuwepo.

Siku hiyo tulianzia Kinondo, kwenye njia inayopita ukingoni mwa msitu wa kaya, ule wa matambiko ya wazee, ambapo watu hushusha sauti na hakuna anayevunja hata kijiti. Pahali pazuri pa kupotea. Nilisema kiatu changu kimekatika ugwe, tangulieni, nitawakuta mivinjeni. Mke wangu alitaka kubaki nami, nikamhimiza aende. Aligeuka mara mbili. Nilipoona mtandio wake umepotea kwenye kona, nilizunguka nyuma ya nyumba moja isiyokwisha, nikawa nawafuata kwa mbali, ukuta hadi ukuta.

Na nilichokitafuta nilikiona. Karibu na pale njia inapofunguka kwenda baharini, mke wangu alisimama. Yule bwana wa kuku akarudi nyuma, akamshika kiwiko. Yeye akamwegemea. Mke wangu, aliyekuwa akinikemea nikimshika mkono mbele ya watoto, alimwegemea mwanamume mchana kweupe, na mama muuza samaki yupo pale anatazama!

Sikuwakimbilia. Nilikaa juu ya tofali kwenye ile nyumba isiyokwisha, nikitunga maneno nitakayosema mbele yao wote. Niliyatunga polepole, nikayapanga, nikabadilisha mengine. Nilitaka wakae, walegee, wanisahau. Jua likapanda. Nilipoona maneno yameiva ndipo nikashuka kwenda mivinjeni.

Chakula kilikuwa katikati ya mkeka, hakijaguswa. Mke wangu alikuwa amelala, kichwa chake kwenye mapaja ya mama muuza samaki, jasho limemlowesha mtandio wote. Na yule bwana wa kuku alikuwa amepiga magoti mbele yake, vidole vyake viko kinywani mwa mke wangu.

Maneno yote niliyoyapanga yalitoweka. "Toa mkono wako!" nilipiga kelele. "Toa mkono wako kwa mke wangu!"

Hakuutoa. Hakugeuka hata kichwa. "Fundi, tulia kwanza," alisema. "Hii switi iyeyuke, halafu utanipiga. Leteni hiyo chupa ya mgeni, haraka!"

Mtu alinyanyua chupa ya buluu, chai yangu, akamimina kwenye kifuniko. Wakamwinua mke wangu, mikono yake inatetemeka kiasi cha kushindwa kushika, wakamnywesha funda kwa funda. Alikuwa ananitazama bila kunijua. Hilo sitalisahau. Nilimwita, akageuza macho kama mtu aliyeitwa na sauti ya redio.

"Ana nini?" niliuliza. "Mke wangu ana nini?"

"Sukari imeshuka," mama muuza samaki alisema. "Amemeza dawa alfajiri, hajatia kitu tumboni, na njia tumeimaliza kwa jua."

"Sukari gani? Mke wangu hana sukari."

Walitazamana wote. Mama muuza samaki akashusha pumzi. "Fundi, sisi sote hapa tuna sukari. Tulijuana kwenye mabenchi ya kliniki, tulikoambiwa tutembee. Asiye nayo hapa ni wewe peke yako. Mkeo alituomba tusikwambie, nasi tukamtunzia. Ile chupa tulikuwa tunakutilia sukari wewe usije ukauliza."

Nilisimama pale na kiatu changu kisichokatika ugwe.

"Na mbona hamkumpa chakula?" nilisema. Nilikuwa bado natafuta wa kulaumu. "Mnamwona mtu anaishiwa nguvu, chakula hiki hapa, mnashika sheria!"

"Sheria niliivunja mimi mwenyewe," alisema. "Nilimfunulia bakuli nikamwambia, kula mwanangu. Alikataa. Alisema, mume wangu yuko nyuma na kiatu kibovu, sili kabla hajafika."

Nilikaa chini. Sikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Alirudi polepole. Kwanza mikono ilitulia, kisha akaniona, akauliza, "Kiatu kimepona?" Nikamwambia kimepona. Nilimlisha samaki kwa mkono wangu mbele ya watu wote, na hakunikemea.

Sikumuuliza kitu mpaka kesho yake alfajiri. Katika nyumba yetu mpika chai ni mimi, tangu tulipooana. Naichemsha kwa tangawizi na iliki, natia sukari ya haki, namwachia kikombe chake mezani jikoni, naenda msikitini, nikirudi kikombe ni kitupu. Asubuhi hiyo niliichemsha, mkono ukaenda kwenye kopo la sukari wenyewe, nikaurudisha. Nilimimina vikombe viwili bila sukari. Nikamngoja.

Aliingia, akaonja, akaelewa. Akakaa.

"Mbona hukuniambia?" nilimuuliza.

"Mama yako alipokatwa mguu, hukushona nguo ya mtu," alisema. "Alipofariki, ulilala na nguo zake ulizompunguzia. Mimi ndiye niliyekuwa nakubembeleza ule. Nikasema, huyu bwana hawezi kuiona sukari mara mbili. Nitaitembeza mwenyewe mpaka ichoke."

Nilitaka kumgombeza. Mficha maradhi kilio humfichua, nilitaka kumwambia, na nyumba yetu ilibakiza kidogo tu kuwa ya kilio. Lakini kitu kingine kilikuwa kimenijia.

"Na chai yangu?" nilisema. "Kila alfajiri nakuachia. Kila nikirudi kikombe kitupu."

Aligeuza macho kwenye dirisha la jiko, nami nikayafuata. Nje, chini ya mlimau, sisimizi walikuwa kazini mwao.

"Ningekuzuiaje?" alisema. "Wewe maneno matamu huna. Ulikuwa unayatia humo."

Wale sisimizi walikaa siku kadhaa zaidi, wakatawanyika. Jirani sikumwomba radhi, kwa sababu mpaka ule kweli ameusogeza. Na yule bwana wa kuku tunasalimiana vizuri, ingawa mayai yake ni madogo kwa bei anayouza. Jumamosi nakunywa chai ya chupa nyekundu kama wenzangu, na ni mbaya. Ile ya buluu bado inakuja kila wiki, imejaa, tamu ya kusimamisha kijiko. Naipika mimi na kuibeba mimi, wala siachi tena mke wangu anipite hatua moja.