Mdomo Ulikuwa Wangu, Lawama Akabeba Mpiga Ngoma

Nilikosa. Na msiniulize jina, kwa sababu hata kuungama kwenyewe naungama nikiwa nimejificha nyuma ya gazeti. Woga ni ule ule ulionifikisha hapa.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne, nikanunua mashine ya kufuma sweta za shule, nikakaa nayo sebuleni hapa mtaani Mountain View, kwa nyumba aliyotuachia mama. Westlands iko hapo chini tu, lakini mimi kwenda huko ni safari ya kupanga, kama mtu anayeenda ng'ambo. Ndugu yangu Maina hunitania kwamba nikifa hawatanitoa, watapanda tu maua mlangoni.

Sasa mtu kama mimi, dunia lazima imfuate kwake. Na ilinifuata! Maina anapiga saksafoni, na bendi yake ya watu wanne ilikuwa ikifanya mazoezi hapa hapa, kati ya makochi na mifuko yangu ya uzi. Wanapiga jazi. Si ile ya wazee wetu, ya kushikana kiuno. Hii ni ile ya kukaa kwa kiti na kutikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nimetikisa kichwa sana kabla ya kuelewa chochote.

Wacha niwajulishe. Maina alianza na tarumbeta kwa bendi ya shule, akapewa saksafoni kwa sababu mwenye kuipiga alivunjika meno akicheza mpira. Jaspal, wa gita la besi, ni kijana wa Kisikh. Kwao wanauza mabomba na rangi Westlands. Babu yake alimfundisha tabla, zile ngoma mbili za kupigwa na vidole, na hata leo akipotea katikati ya wimbo utaona vidole vinahesabu juu ya paja. Owino wa ngoma alikulia nyuma ya bendi ya benga ya mjomba wake, matanga baada ya matanga. Husema amezika watu wengi kuliko pasta. Ana mdomo, huyo Owino. Mkumbuke hilo.

Wa nne ni Wanjiku, wa piano. Baba yake ni mzee wa kanisa huko nje ya mji, na yeye alianza kupiga piano ya kanisa wakati miguu yake bado inaning'inia kwenye kiti.

Sisi hapa tulikuwa na kinanda kidogo cha umeme, noti zingine zimekufa. Siku moja nikamuuliza tukiwa jikoni, "Wewe vidole umevinoa wapi hivi? Si kwa hii takataka yetu!"

Akacheka, akasukuma mlango ukafungwa. "Dada, wenzangu wa bendi wanajua, na wewe nikuambie. Nina ufunguo wa kanisa. Katikati ya wiki hakuna mtu. Naingia, najifungia, napiga hizi nyimbo zetu zote."

"Kwa piano ya Bwana?"

"Kwa piano ya Bwana. Baba anadhani ni tenzi. Akijua ni za klabu, atanimaliza."

Tulicheka mpaka maziwa yakafurika jikoni. Nikamwambia siri yake imezikwa, alale.

Basi wakapata klabu. Westlands, mahali pa maana, Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mngewaona! Owino akapewa kazi ya matangazo: mabango, kuongea na redio. Namba ya simu akaandika ya nyumba hii, kwa sababu mazoezi ni hapa na mimi niko kila saa kama askari wa geti.

Mchana mmoja simu ikalia, niko peke yangu. Mtangazaji wa redio, anamtaka Owino. Nikasema hayuko. "Basi wewe unawajua hawa watu?" akauliza. "Nataka vitu vidogo vidogo juu ya kila mmoja, walianzia wapi, nisome hewani watu wapende kuja."

Kama ninawajua!

Nikampa Maina na meno ya mwenzake. Akacheka. Nikampa Jaspal na paja lake. Akacheka zaidi. Nikampa Owino na matanga, akacheka mpaka akakohoa. Ndugu zangu, kuna anayeshikwa na pombe, kuna anayeshikwa na kamari. Mimi hushikwa na kicheko cha mtu mwingine. Nikionja kidogo, lazima niongezewe.

"Na huyo dada wa piano?"

Ningesema anapiga vizuri. Angeandika hivyo, tungeagana, na leo singekuwa hapa nikiwasumbua.

Nikasema, "Huyo! Jumapili anampigia Mungu, Ijumaa anawapigia walevi, na mazoezi yote ni kwa piano moja ya kanisa. Baba yake ni mzee wa kanisa, anadhani ni tenzi!"

Alicheka mpaka nikasikia fahari. Fahari, jamani! Nikaweka simu chini, nikarudi kwa sweta yangu nikijichekea kama mwendawazimu.

Kesho yake asubuhi mtangazaji akayasoma yote hewani, jina la Wanjiku likiwa mbele. Nilikuwa nafuma. Aliposema "piano ya kanisa" mishono ikaniponyoka. Jikoni, mlango ukiwa umefungwa, yale maneno yalikuwa mzaha. Sasa yalikuwa kwa kila kinyozi, kila duka, kila jikoni ya mama anayemjua baba yake Wanjiku.

Jumapili wazee wa kanisa walimwita Wanjiku kabla ya ibada. Walitaka ufunguo. Aliyenyoosha mkono kuupokea alikuwa baba yake.

Bendi ilikutana hapa wiki hiyo. Wanjiku alikaa kwenye kochi na mkoba magotini kama mgeni, kinanda hakukigusa.

Maina akauliza, "Nani aliongea na redio?"

Wote wakamwangalia Owino. Si yeye ndiye wa matangazo? Si yeye alikuwa akimtania Wanjiku kila siku kuhusu hiyo piano?

"Haki ya Mungu si mimi," akasema. "Huyo mtu hata sijaongea naye. Nilimwachia tu namba ya hapa."

"Boss, mdomo tunaujua," Jaspal akamwambia, na hakuwa akicheka.

Owino akanigeukia. "Dada, wewe uko hapa kila saa. Hakuna simu ilipigwa?"

Nilikuwa nimebeba sinia.

"Simu? Simu gani?"

Mtume Petro alipomkana bwana wake, angalau kulikuwa na jogoo wa kumshtua. Mimi nilikuwa na mandazi. Nikayagawa.

Owino akainuka. Alifungua ngoma zake pole pole, akazifunga kwa shuka zao, akatoka. Mtu wa maneno mengi akiondoka kimya, baridi hubaki ndani ya nyumba.

Nilikaa na hilo jambo. Nikajiambia litapita. Nikajiambia Owino amezoea kulaumiwa. Angalieni roho yangu!

Halafu Wanjiku akaja peke yake, onyesho likiwa limekaribia. Macho yamevimba. "Dada, nimechoka kubeba hasira. Baba haongei na mimi, kanisani wameweka mtu mwingine. Mwambie Owino nimemsamehe, arudi tupige hiyo Ijumaa. Kanisa limeenda. Hii nayo isiende."

Na mimi, badala ya kuanguka chini hapo hapo, nikasema, "Sawa, nitamwambia."

Nikamwita Owino. Alikuja, akakataa kukaa. Nikamwambia, "Wanjiku anasema amekusamehe."

Akauliza, "Amenisamehe nini, dada?"

Nikainama kuokota uzi sakafuni.

"Yule mtangazaji nilimpata. Ati aliongea na dada mmoja mcheshi, mcheshi kabisa. Akaniuliza kama unataka kipindi."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nikisema mimi, Maina atakosana na wewe, na hapa atakaa na nani? Nilikuwa nakungoja wewe." Akashika mlango. "Mimi huongea mingi, lakini hiyo si yangu kuongea. Ni yako."

Jioni hiyo niliwaita wote, nikasema. Mara hii sikubeba sinia. Hakuna aliyepiga kelele, na heri wangepiga. Jaspal alimwambia Owino, "Nisamehe, ndugu yangu," akabaki akiangalia viatu. Maina alitoka nje. Wanjiku peke yake ndiye aliniangalia.

"Dada," akasema, "Owino nilimwambia nikijua ana mdomo. Wewe nilikuambia kwa sababu hutoki nyumbani. Nilidhani kitu kikiingia kwako hakina mlango wa kutokea."

Hilo neno bado linanikaa hapa kifuani.

Nilitoka, ndiyo, mimi huyu, nikaenda mpaka kwa baba yake Wanjiku, kumwombea msamaha. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi. Kisha akauliza, "Uliyosema kwa redio yalikuwa uongo?"

"Hapana, mzee. Yalikuwa kweli."

"Basi umekuja kurudisha nini?"

Nikamuaga mzee. Nilirudi kwangu.

Owino amerudi kwa bendi, namshukuru Mungu. Lakini siku hizi wanafanyia mazoezi stoo ya kina Jaspal, katikati ya mabomba. Maina alikuja kuchukua kinanda. "Si hasira," akasema, "ni kwa sababu huko ni karibu na klabu." Alisema akiwa amekigeukia kinanda, si mimi.

Ijumaa hii ndiyo siku yenyewe. Watapiga. Wanjiku atakalia kiti cha piano ambacho kimemgharimu kile kingine cha kanisani, na baba yake hatakuwepo. Mimi pia sitakuwepo. Hakuna aliyenikataza. Hakuna aliyenialika.

Wewe unayesoma, mcheshi wa kwenu, yule ambaye bila wewe chai hainyweki: kabla hujachekesha watu na habari za mtu, angalia kwanza kama mwenyewe yuko hapo acheke pia. Kama hayuko, meza hayo maneno, hata yakikukwama kooni. Na ukishakosa, sema siku hiyo hiyo. Usimwachie mwenye mdomo mkubwa abebe, ati kwa sababu watu watamwamini kuwa ni yeye. Hiyo ndiyo sehemu ya dhambi yangu inayoninyima usingizi, kuliko hata simu yenyewe.

Jirani ameniuliza kwa nini nimenyong'onyea, na mimi ndiye hupenda kukaa nyumbani. Napenda. Lakini zamani nilikuwa nimekaa nyumbani. Sasa nimeachwa.