Ufunguo wa Pili

Nilimsikia meneja kabla sijamwona, funguo zikigonga paja lake tangu getini. Kila asubuhi mlio huo ulituamuru, sisi wanawake wawili wa benki ile ya Babati, kuwasha jiko la mafuta ya taa na kumchemshia chai. Siku hiyo hatukuliwasha. Nilikuwa nazunguka kati ya dirisha na kaunta.

Chumba cha fedha kilihitaji watu wawili, kila mtu na ufunguo wake. Mhasibu aliyeshika wa pili alikuwa amelazwa kwa malaria, ameuacha kwa meneja, na barua kutoka ofisi ya mkoa, Arusha, ilisema niushike mimi.

"Shikamoo, mzee. Naomba ule ufunguo."

"Marahaba. Chai kwanza, binti."

"Sukari haijaonekana wiki ya pili sasa."

Karani mmoja akacheka. "Mpeni ufunguo, ataitafuta humo ndani!"

"Ninyi mmeingia humo miaka yote," mwenzangu akamjibu, "mbona hamjatuletea hata kijiko?"

Nje, wakulima waliolala mjini wakisubiri malipo ya mahindi walianza kugonga mlango. Meneja aliisoma barua tena, polepole, kama aliyetumaini imebadilika. Kisha akaniwekea ufunguo juu ya kaunta, si mkononi.

Tulifungua chumba pamoja. Ufunguo wangu ulilowa jasho.

Saa nne meneja alilitazama jiko lililopoa, akanitazama. Niliendelea kuwahudumia watu. Akachukua kofia, akaenda kutafuta chai kwa mama ntilie wa stendi, na mlango ukabamizwa nyuma yake.