Taa Yangu Mpya Imeniletea Waombolezaji

Leo nimeliliwa nikiwa hai.

Mnajua moyo wangu umechoka. Kila usiku mke wangu, Mama Akiru, huamka kunipapasa kifua ajue kama bado napumua. Halali, maskini.

Basi nimemtengenezea taa ya kando ya kitanda: utepe wa LED ndani ya kipande cha alumini, betri ya sola, mwanga hafifu. Gundi iliyeyuka kwa joto letu la Lodwar, nikaufunga kwa uzi wake wa shanga.

Magharibi tukatoa kitanda uani, maana ndani hakulaliki. Nikawasha, nikajinyoosha, nikafumba macho.

Jirani yetu Ekal akachungulia, akaona mzee amenyooka kama maiti chini ya taa. "Mwalimu ametuacha!"

Uani pakajaa.

Nikiri kabla sijafa kweli: niliwasikia, nikanyamaza. Nani hangetaka kusikia?

"Alikuwa mwalimu mzuri," Ekal alilia, "hata kama fimbo yake ilikuwa moto!"

Mama Akiru akatokea na chai, hana haraka.

"Ekal, nyamaza. Kifua nakiona kutoka jikoni, kinapanda na kushuka. Na wewe mzee, amka unywe chai."

Jamani, taa inafanya kazi! Leo atalala.

Ambao hamkuwahi kunililia, andikeni maombolezo yenu hapa chini. Bado nasoma.